Kuku Akihara, Tazama Kinyesi Kwanza

(Maneno yaliyosemwa kwa wafugaji wa kuku wa nyumbani, Dzaleka. Yamechapwa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kuhara kwa kuku. Wengine mmecheka mliposikia kwamba mtu mzima atasimama mbele ya watu kueleza habari za mavi ya kuku. Chekeni tu. Lakini kila mmoja hapa anajua kuku ni nini katika nyumba yake. Mtoto akiugua usiku, au daftari la shule likiisha, au mafuta ya kupikia yakikosekana, jogoo mmoja anauzwa na shida inapita. Mgao hautoshi, nanyi mnajua hivyo kuliko mimi. Basi kuku kumi wakifa kwa wiki moja, ni akiba ya nyumba nzima imekwenda.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka niliponunua vifaranga kwa mara ya kwanza niliwatoa Lilongwe, kumi na wawili, ndani ya boksi la katoni, tukapanda minibasi pamoja. Ilikuwa katikati ya mvua. Walipofika wiki ya nne wakaanza kujikunyata pembeni, mabawa chini, manyoya yamesimama. Nikaona kinyesi kina damu. Nikakimbia sokoni, nikauziwa vidonge vya tetrasaikilini vya watu, vile vya rangi mbili. Muuzaji akaniambia vinaua ugonjwa wowote. Nikafungua vidonge, nikatia unga ndani ya maji, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya tano nilikuwa na vifaranga wawili. Fedha ya vidonge ilikwenda, na kuku walikwenda. Dawa haikuwa mbovu. Ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Ndiyo maana leo sitaanza na dawa. Nitaanza na macho yako.

Amka asubuhi, kabla hujafagia, tazama mahali kuku walipolala. Kinyesi cha kuku mzima ni kigumu kiasi, rangi ya kahawia au kijivu, na juu yake kuna kofia nyeupe. Ile nyeupe ni mkojo wake, kwa sababu kuku hakojoi kama mbuzi, vyote hutoka pamoja. Hicho ni kizuri. Sasa, mara moja katika kila mara nane au kumi, kuku huyo huyo mzima hutoa kinyesi cha namna nyingine: laini kama uji mzito, kahawia iliyoiva, kinanata, na kina harufu mbaya sana. Watu wengi hukiona na kuogopa. Usiogope. Hicho kinatoka katika vile vijiutumbo viwili vilivyozibika mwishoni, ambavyo mama anayepasua kuku jikoni anavijua vizuri. Ni kazi yake ya kawaida. Kuku anayeatamia naye hujizuia siku nzima, halafu akishuka hutoa fungu moja kubwa lenye uvundo. Huyo pia si mgonjwa. Na wakati wa joto kali la mwezi wa kumi, kuku hunywa maji mengi na kinyesi huwa majimaji. Mpe kivuli na maji ya baridi, usimpe dawa.

Nayasema haya kwa sababu nimeona kuku wazima wakinyweshwa dawa, na wagonjwa wakiachwa mpaka wafe.

Sasa tuje kwa mgonjwa. Kuku mgonjwa hasemi, lakini anajulikana. Anaachana na wenzake. Anafumba macho mchana. Shingo inaingia ndani ya manyoya. Upanga wa kichwani unapauka au unakuwa mweusi. Manyoya ya nyuma, karibu na tundu la kinyesi, yamegandamana na uchafu. Ukiona hivyo, mkamate, mtenge mbali na wengine siku hiyo hiyo, halafu tazama anatoa nini. Rangi haitoshi kukuambia kila kitu, lakini ukiijumlisha na umri wa kuku na majira ya mwaka, mara nyingi utakuwa karibu na ukweli.

Damu, kwa vifaranga wa wiki tatu hadi nane, wakati wa mvua: hapo fikiria kwanza kuhara damu. Wataalamu wanauita koksidiosi. Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndio unaotumaliza hapa kambini tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne.

Ugonjwa huu hauletwi na baridi, wala na jicho la mtu, wala na jirani aliyepita akasifu vifaranga wako. Unaletwa na vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kuku aliye navyo hutoa vijiyai vyake katika kinyesi. Kijiyai kikitoka leo, leo hiyo hakiwezi kudhuru. Kinahitaji unyevu na joto kwa muda wa siku moja au mbili ili kikomae. Kikishakomaa, kifaranga anakidonoa pamoja na punje ya mahindi au anakinywa katika maji machafu. Ndani ya utumbo kinazaliana, kinapasua ngozi ya ndani ya utumbo, na damu inatoka. Baada ya siku nne hadi saba, kifaranga huyo mmoja naye anamwaga vijiyai kwa maelfu.

Angalia basi faida ya kujua jambo hilo. Kama kinyesi cha leo hakidhuru mpaka kesho au kesho kutwa, basi anayefagia kila asubuhi na kutupa mbali, amekata mnyororo kabla haujafunga. Anayefagia Jumamosi kwa Jumamosi anafuga vijidudu pamoja na kuku. Ufagio unagharimu kidogo kuliko dawa yoyote iliyoko Lilongwe.

Mama mmoja aliniuliza katika mkutano: “Mwalimu, mimi naosha banda kwa klorini kama tulivyofundishwa wakati wa kipindupindu. Mbona bado wanakufa?” Swali zuri. Klorini inaua kipindupindu, lakini vijiyai hivi vina ganda gumu, klorini ya kawaida haivipati. Vinavyoviua ni ukavu, jua kali na maji yanayochemka. Kwa hiyo vyombo vya chakula na maji vimwagie maji ya moto kabisa, kisha uvianike juani. Sakafu usiiloweshe kila siku, maana unyevu ndio vinavyoupenda. Fagia pakiwa pakavu, halafu tandaza majani makavu, maranda au pumba za mpunga, na ukiona palipolowa, toa pale palipolowa utie nyingine.

Najua wengi wenu hamna banda. Kuku wanalala ndani, jikoni au chini ya kitanda, kwa sababu ya wezi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 na ilipangwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo tumezidi 50,000, na nyumba zimebanana kiasi kwamba kuku wa nyumba tano wanadonoa uwanja mmoja. Sitakuambia ujenge banda la matofali. Nakuambia hivi: walaze ndani ya tenga au boksi, chini uweke gunia au katoni, na kila asubuhi ulitoe gunia ulikung’ute shimoni na ulianike. Vifaranga usiwachanganye na kuku wakubwa. Kuku mkubwa aliyekwisha kuugua akapona huwa na kinga, haonekani mgonjwa, lakini anaendelea kutoa vijiyai ambavyo kifaranga hawezi kuvivumilia. Na chombo cha maji usikiweke wazi kama sahani ya kuogea. Kifaranga akiweza kusimama ndani, atanya ndani. Chukua chupa ya plastiki, itoboe tundu dogo karibu na mdomo, ijaze, igeuze juu ya kisahani. Au weka jiwe safi katikati ya sahani ili abaki ukingoni tu.

Sasa dawa ya kuhara damu. Dawa inayopatikana katika maduka ya dawa za mifugo ni amprolium, ambayo ni unga wa kutia katika maji. Wengine watakupa dawa ya jamii ya salfa. Hiyo nayo inafanya kazi, ila ikizidi kipimo ni sumu kwa kuku, na haifai kupewa kuku ambaye mayai yake yanaliwa. Mimi nachagua amprolium kwanza. Kipimo cha kutibu ni miligramu 120 za amprolium katika lita moja ya maji, na ugonjwa ukiwa mkali hufika miligramu 240. Kama kibandiko kinasema unga ni wa asilimia 20, hiyo ni gramu 0.6 hadi 1.2 za unga kwa lita. Soma kibandiko, na kama husomi lugha yake, mpe mtoto wa shule akusomee kabla hujafungua pakiti. Wape siku tano hadi saba bila kukatisha. Baadaye wape nusu ya kipimo kile cha kwanza kwa wiki moja au mbili.

Hapo shida inakuja: nani ana mizani ya kupima nusu gramu? Hakuna. Basi fanyeni pamoja. Kwa dumu la lita 20, au bido kama wasemavyo Wakongo, unahitaji gramu 12 hadi 24 za unga huo. Kiasi hicho muuzaji mwenye mizani ndogo anaweza kukupimia katika vipakiti, kimoja cha kila siku. Nyumba kadhaa za mtaa mmoja zinunue pakiti moja, zichanganye dumu moja asubuhi, kila mmoja achote yake. Inakuwa rahisi kwa bei, na vilevile kuku wote wa uwanja ule wanatibiwa siku moja. Ukitibu wako peke yako na wa jirani wanaendelea kuhara hapo hapo, umefanya kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

Maji ya dawa ya jana yamwage. Siku za dawa wasiachiwe kunywa kwenye madimbwi, wafungie, wasiwe na maji mengine. Na usiwape vitamini siku hizo hizo: amprolium inafanya kazi kwa kukinyima kijidudu vitamini B1, sasa ukiimimina tena wewe, unakilisha adui. Vitamini zije baada ya dawa kwisha. Kifaranga aliyedhoofika asiyeweza kusimama, mdondoshee maji ya dawa tone tone pembeni ya mdomo, usimmiminie, atapaliwa. Sukari kidogo katika maji humpa nguvu. Chumvi usiongeze, chumvi nyingi inaua kuku upesi. Pilipili na majivu ndani ya maji havitibu kuhara damu. Mimi siwakatazi dawa za wazee, ila siku tatu unazopoteza na pilipili ndizo siku ambazo kifaranga angeponea.

Tuache damu, tuje kwa kijani.

Kinyesi cha kijani chenye majimaji, kuku wakubwa kwa wadogo, wanakufa wengi kwa siku chache, wengine wanapumua kwa taabu, wengine wanapinda shingo au kuzunguka kama walevi: huo ni kideri. Wenyeji wetu hapa Malawi wanauita chitopa, na neno hilo ulijue, maana ukilitamka mbele ya afisa mifugo hatahitaji mkalimani. Mara nyingi huja wakati wa joto kabla ya mvua. Unaonekana kama ugonjwa wa tumbo, lakini unakwenda mwili mzima. Kideri hakina dawa. Narudia, hakina dawa, na anayekuuzia dawa ya kideri anakuibia. Kina chanjo tu. Ipo chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa kwanza Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, kwa sababu inavumilia joto kuliko zile za zamani, nayo hutolewa tone moja katika jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Chupa moja ina matone ya kuku wengi kuliko wa mtu mmoja, kwa hiyo hapa pia mtaa unapaswa kujikusanya. Chanja kuku akiwa mzima. Ukisubiri mpaka jirani aanze kuzika, umechelewa, maana kinga inahitaji wiki moja hadi mbili kuja.

Kuna jambo moja tunalofanya wakati wa kideri, na mimi nalisema wazi ingawa litawaudhi baadhi yenu. Kuku wakianza kufa, tunakimbilia kuwauza waliobaki sokoni kabla hawajafa. Anayenunua anawapeleka mtaa wake, na baada ya wiki mitaa yote inalia. Mwezi unaofuata wewe unanunua kuku mpya, naye anatoka kwa yule uliyemuuzia ugonjwa.

Kijani kinachoelekea manjano, kwa kuku wakubwa wanaokufa mmoja leo, mwingine keshokutwa, bila kupinda shingo, kinaweza kuwa homa ya matumbo ya kuku. Ukimpasua utakuta ini limevimba na lina rangi kama shaba. Hii inatokana na bakteria, na hapo ndipo dawa za antibiotiki zina kazi, lakini apime na kuandika mtu wa mifugo. Aliyepona huo, mayai yake usimwekee kuku mwingine aatamie, kwa sababu ugonjwa hupita ndani ya yai. Vivyo hivyo kwa vifaranga wa siku chache wanaotoa uharo mweupe unaoziba tundu la nyuma: mara nyingi wamezaliwa nao kutoka kwa mama. Uharo mweupe wa majimaji kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita, hasa wale wa kisasa kutoka mjini, unaweza kuwa gumboro, ambao ni wa virusi na kinga yake ni chanjo. Muulize anayekuuzia kama wamechanjwa.

Minyoo haiui haraka. Inakula taratibu. Kuku anakula vizuri lakini mfupa wa kifua umechongoka kama kisu, mayai yamepungua, kinyesi ni chepesi, na siku nyingine unaona minyoo myeupe mirefu kama kidole, au vipande vidogo kama punje za mchele. Ile mirefu hutoka kwa dawa ya piperazini. Vile vipande vya mchele ni tegu, na piperazini haimpati tegu, kwa hiyo mweleze muuzaji ulichokiona usiseme tu “dawa ya minyoo”. Tegu huingia kwa kuku anayekula siafu na mbawakawa waliombeba. Huwezi kumzuia kuku kula mdudu, basi mpe dawa kila miezi mitatu.

Swali linaloulizwa kila mara: je, kuku aliyekufa kwa kuhara analiwa? Hapana. Vijidudu vya kuhara damu vya kuku haviingii kwa mtu, hilo ni kweli, lakini wewe hujui kwa hakika alikufa na nini, na wako bakteria wa tumbo la kuku wanaohamia kwa watoto. Mpasue nje, mbali na jiko, mikono ndani ya mfuko wa plastiki. Tazama vile vijiutumbo viwili: vikiwa vimevimba na kujaa damu, umepata jibu lako. Tazama kama kuna minyoo. Halafu mzike kwenye shimo refu ambalo mbwa hatalifukua, au mchome, na unawe kwa sabuni. Watoto wanaocheza na vifaranga wanawe pia kabla ya kushika chakula.

Wakifa wengi kwa siku moja au mbili usipasue. Waache walivyo, usimpe mtu, umwite afisa mifugo wa serikali au mhamasishaji wa mifugo wa mtaa wako. Wao wanaweza kupeleka kuku kwenye Maabara Kuu ya Mifugo iliyoko Lilongwe, ambako kinyesi hutazamwa kwa hadubini, na jambo la kubahatisha linakwisha. Kinyesi cha kupeleka kiwe cha siku hiyo, katika mfuko safi uliofungwa, usiachwe juani, na uandike umri wa kuku, siku walipoanza kuugua, wangapi wamekufa na dawa gani umekwisha kuwapa. Usifiche dawa uliyowapa, hata kama ni vidonge vya watu. Hakuna atakayekucheka. Mimi nimekwisha kuwaambia vyangu.

Anayenunua kuku mpya, awe wa sokoni hapa au wa Lilongwe, amtenge wiki mbili kabla ya kumwingiza kwa wenzake. Kamba mguuni nyuma ya nyumba inatosha, na chombo chake cha maji kiwe chake peke yake. Mlishe wa mwisho, ukitoka kwake usirudi kwa vifaranga.

Kwa wale wenye vifaranga wanaohara sasa hivi: kesho asubuhi, kabla ya kufagia, mje na kinyesi ndani ya jani au karatasi. Tutakitazama pamoja kabla mtu yeyote hajatoa fedha ya dawa.